Kati ya Kontua Mbili

Ikunjue mezani karatasi yoyote ya ramani ya bonde la Rufiji, zile za kipimo cha 1:50,000, uone jicho linavyokimbilia pembeni. Huko ndiko kwenye mambo. Mistari ya kahawia ya kontua, ile inayounganisha mahali penye urefu sawa, imebanana, inapinda kufuata makorongo, inavizunguka vilima hata vile visivyo na jina. Katikati, mto unakopita, karatasi imetulia: mto wenyewe, mabwawa kadhaa, vijistari vya buluu vya kuonyesha ardhi inayofunikwa na mafuriko, na kontua moja au mbili zilizoachana mbali. Mgeni angeapa kwamba pale katikati hapana kitu. Pale katikati ndipo unapotoka mpunga.

Nilianza kuzitumia karatasi hizo nikiwa mpima kijana mwenye stashahada mpya, miaka ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ilipoanza kufanya kazi na timu za kupanga matumizi ya ardhi zikawa zinatumwa wilayani. Kijiji kikitaka cheti cha ardhi yake, sharti mipaka ijulikane na majirani waikubali, na kwa hilo mtu anahitaji ramani. Zetu tulizinunua kwenye dirisha la Wizara ya Ardhi, Kivukoni, Dar es Salaam. Karatasi nyingine zilikuwa zimekwisha kitambo, hivyo tukapewa fotokopi nyeusi na nyeupe. Sikulitilia maanani jambo hilo mpaka nilipofika bondeni. Kwenye fotokopi, kahawia na buluu huwa rangi moja, na mtu hawezi tena kujua mstari upi ni kontua na upi ni kijito. Kwenye vilima unakisia tu, kwa sababu vijito hushuka na kontua hukatiza. Kwenye tambarare hakuna cha kukisia.

Daraja la Mkapa lilikuwa bado kufunguliwa. Hilo lilikuja 2003. Kwenda ng'ambo ya kusini ya mto tulipanga foleni ya pantoni pale Ndundu, pamoja na mabasi ya Lindi na malori, na foleni ilikuwa na desturi zake: wauza samaki, wauza maji, makondakta waliolala chini ya magari. Kwa kukosa kazi niliisoma ramani hadi pembeni kabisa, kwenye yale maandishi madogo ambayo watu huyapita: picha za anga zilipigwa lini, nani alichora, majina yalikusanywa na nani. Nawashauri vijana wanaoingia kwenye kazi hii waanzie hapo. Ukiyasoma yale, unajua ramani iliulizwa nini kabla hujaanza kuiuliza la kwako.

Rufiji iliulizwa maswali mengi. Mchora ramani mmoja mwenye jina, Keith Johnston wa Scotland, mtoto wa mchora ramani mashuhuri, alitumwa na Royal Geographical Society mwaka 1879 kutafuta njia ya kutoka pwani hadi ziwa Nyasa. Alifika Behobeho, kaskazini ya mto, akafariki huko kwa kuhara damu mwezi Juni. Msaidizi wake Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, aliuendeleza msafara, na ukweli ni kwamba aliyeushika usisambaratike ni kiongozi wa wapagazi, Chuma, yule yule aliyekuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Muda mfupi baadaye, William Beardall aliupanda mto kwa amri ya Sultani wa Zanzibar, enzi za Sayyid Barghash, na taarifa yake ikachapishwa London mwaka 1881. Huo ni uchunguzi wa Rufiji uliotumwa kutoka Unguja, jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni.

Wakaja Wajerumani na ramani yao ya Afrika Mashariki kwa kipimo cha 1:300,000, iliyoanzishwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel mjini Berlin. Niliwahi kuiona nakala ya moja ya karatasi hizo. Uzuri wake ni kwamba haijifichi. Ofisa alitembea na dira na saa, akaandika mwelekeo na muda wa mwendo, akapima urefu wa nchi kwa kipimahewa, na Berlin wakaviunga vipande hivyo. Kwa hiyo njia zenyewe zimejaa majina, na hatua chache kando ya njia karatasi ni tupu. Unaiona nchi kwa macho ya mtu aliyepita bila kukaa.

Halafu jeshi. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, ilijificha kwenye delta ya Rufiji. Iliweza kwa sababu meli ya upimaji, Möwe, ilikuwa imekwisha kupima mifereji ya delta kabla ya vita, na ramani za Waingereza hazikuonyesha kwamba meli kubwa kiasi kile ingepita. Waingereza walilazimika kumtuma mwindaji, Pretorius, apime kina cha mifereji kwa siri, wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, na ndege zilizoruka kutoka Mafia ili kuwaonyesha wapiga mizinga makombora yanaangukia wapi. Königsberg ilimalizwa tarehe 11 Julai 1915. Macho ya kwanza kuitazama Rufiji kutoka angani yalikuwa yakitafuta shabaha.

Chombo kitapanda hadi wapi? Msafara upite njia gani? Meli itajificha wapi, na itafikiwa vipi? Ni maswali ya watu wanaopita. Hakuna aliyeuliza maji ya Aprili yanakaa wapi na kwa siku ngapi, na hilo ndilo swali la pekee ambalo mkulima wa Rufiji angelipia fedha kujibiwa, kama si kwamba jibu analo tayari.

Zile karatasi za 1:50,000 zina ukoo mwingine. Mwaka 1946 Waingereza waliunda idara ya kupima makoloni, Directorate of Colonial Surveys, chini ya Brigedia Martin Hotine. Mwaka 1957 jina likawa Directorate of Overseas Surveys. Kikosi cha 82 cha jeshi lao la anga kiliruka juu ya sehemu kubwa za Afrika kikipiga picha mfululizo, kila picha ikiipanda iliyotangulia kwa zaidi ya nusu. Picha mbili zinazopandana ukizitazama pamoja, kila jicho na yake, ardhi huinuka mbele yako, vilima vinasimama. Fundi aliyekaa Uingereza alikuwa na alama ndogo ndani ya mashine, akiitembeza igusane na ardhi kwa urefu ule ule, na njia ya alama hiyo ndiyo kontua. Ni kazi ya ustadi mkubwa, sitaidharau. Bado huwa napenda kuitazama picha ya namna hiyo ikiinuka. Sijapata kuchoka nayo.

Ila kuna mambo mawili. La kwanza, kontua hizo zilichorwa kwa kila futi 50, au mita 20 kwenye matoleo ya baadaye. La pili, wapiga picha wa anga husubiri kiangazi, maana masika ni mawingu matupu. Kwa hiyo mto ulioko kwenye ramani ni mto wa kiangazi, umekonda, umelala ndani ya kingo zake, na lililobaki limeachiwa vile vijistari vya buluu. Tukio kubwa la mwaka wa bonde lile hutokea chini ya mawingu, mtu wa ndege akiwa amekwisha kurudi nyumbani.

Katika kijiji kimoja cha ukingo wa kaskazini niliitandika ramani juu ya mkeka, nikaweka mawe pembeni isipeperuke. Mzee aliyekuwa mjumbe wa kamati ya ardhi aliinama, akaitazama kwa muda.

"Hii ndiyo Rufiji?"

"Ndiyo, Mzee."

"Maji yako wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Huo ni mto, mwanangu. Mimi nakuuliza maji."

Kesho yake alitupeleka. Kutoka kijijini, kwenye mwinuko wa mchanga, unashuka kidogo sana, hata magoti hayajui, kisha unatembea tambarare mpaka jasho likutoke. Mimi niliiona ardhi moja. Yeye aliona mashamba ya tabia mbalimbali, akawa anayataja kadiri tunavyokwenda. Hapa maji hupita tu, siku chache yameondoka, ndipo mahindi yalipo. Hapa huingia taratibu na kukaa, huu ni mpunga. Pale hukaa mpaka yanaoza, pana kambale na hapalimwi. Karibu na mto wenyewe ardhi ilipanda tena kidogo, kwa sababu mto ukifurika huangusha mchanga wake mzito kwanza, pale pale ukingoni, na tope laini huliachia mbali zaidi. Juu ya ukingo huo ulioinuka palikuwa na miembe mikubwa imejipanga, na chini kidogo ya ukingo, dungu la mlinzi kwenye nguzo ndefu. Kwenye gome la mwembe mmoja tope lilikuwa limekauka na kuacha mstari uliolala sawasawa, juu kidogo ya kiuno changu, na kwenye nguzo za dungu mstari ule ule, ukiwa juu zaidi kwa sababu nguzo zilisimama chini ya ukingo. Mwenzangu alifunga leveli, mimi nikashika stafu. Kati ya ardhi ya mahindi na ardhi ya mpunga tofauti haikufika mita moja na nusu.

Mita moja na nusu, na kontua zetu zilikuwa za mita 20. Kilimo chote cha bonde lile, kila uamuzi wa nani apande nini na lini, kilikuwa kimekaa kati ya kontua mbili, mahali ambapo ramani haisemi lolote.

Na ni kilimo chenye hesabu kali. Mpunga hupandwa mvua za kwanza, ili uwe umeshasimama mafuriko yanapofika. Ukichelewa, maji yanaufunika, ukiwahi na mvua zikakatika, unakauka. Maji yakianza kushuka, watu huyafuata nyuma wakipanda kwenye tope lililobaki: mahindi, kunde, maboga, zamani pamba pia. Kilimo hicho cha nyuma ya maji hukiita mlau, na hakihitaji hata tone la mvua. Mwaka wa mafuriko mabaya, yaliyochukua mpunga, mara nyingi ndio mwaka wa mlau mzuri. Bibi mmoja aliniambia mafuriko anayoyaogopa ni yale yasiyokuja.

Serikali iliyaona mafuriko kwa jicho jingine. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Ukiitazama ramani ile, uamuzi unaonekana mwepesi: hapa chini vijistari vya buluu, yaani hatari, pale juu kontua imepita, yaani usalama. Sisemi kwamba waliamua kwa kutazama karatasi hiyo. Nasema karatasi isingewapinga. Nyumba zikaenda juu kwenye mchanga, mashamba yakabaki chini kwenye rutuba, na watu wakabaki na safari ya kila siku kati ya hayo mawili, huku nguruwe, nyani na viboko wakiwa wamebaki bondeni peke yao usiku. Wengi walirudi msimu kwa msimu, wakaishi kwenye madungu mpaka mavuno.

Hapo ndipo ramani ya zamani ilipotushangaza kwa wema. Kwa kuwa picha zake zilipigwa kabla ya watu kuhamishwa, vile vidoti vyeusi vya nyumba viko bado, vimejipanga kwenye kingo zilizoinuka, chini ya miembe ile ile. Majina ya vitongoji yameandikwa. Wazee walipogundua hilo, mkutano ulibadilika. Watu waliokuwa wamekaa nyuma walisogea. Mama mmoja aliniomba nimsomee majina yote ya ukingo ule, moja moja, na kila nilipotaja alisema ni kwa nani. Majina mawili yalikuwa yamebadilishana nafasi, moja limeruka mto kabisa, walicheka, wakasahihisha. Ramani iliyoshindwa kueleza ardhi ilikuwa imehifadhi watu, bila kukusudia.

Mpaka ulitusumbua zaidi. Vijiji viwili jirani viligawanywa kwa maandishi na mto. Ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa imeunakili mpaka huo kutoka kwenye ramani na kuufunga kwenye jalada. Mto umehama tangu picha zile zipigwe. Rufiji ni mto wa mchanga, unakula ukingo huu na kujenga ule, na mafuriko makubwa yanaweza kuukata upinde mzima na kuuacha kuwa bwawa. Mpaka unafuata mto, sawa, lakini upi? Wa kwenye picha, au huu tuliovuka asubuhi kwa mtumbwi? Tofauti ilikuwa kipande kikubwa cha mpunga, na kila kijiji kilikuwa na mto wake kinaoupenda. Ofisa aliyekuja kutusaidia alikuwa na jibu tayari: ramani ni ya serikali. Kwa kipimo kile milimita moja ya karatasi ni mita 50 za ardhi, na mstari wa kalamu yake ya wino, kwa jinsi ulivyokuwa mnene, ulikuwa unameza mashamba ya familia kadhaa.

Haikuamuliwa na ramani. Iliamuliwa kwenye mikutano mikuu ya vijiji vyote viwili, baada ya maneno mengi na siku moja ya kununiana, kwamba mpaka uachane na mto kabisa ufuate safu ya miembe ya kijiji cha zamani mpaka kona ya bwawa, vitu ambavyo havihami. Tulivipima kimoja kimoja, tukaandika kwenye muhtasari, wenyeviti wakatia saini. Tangu hapo sijawahi kukubali kwa urahisi mpaka unaofuata mto wa bondeni, iwe Rufiji, iwe Kilombero, iwe Wami. Kwenye milima mto umebanwa na mwamba, unaaminika. Bondeni unatembea.

Niwe mwadilifu kwa waliokuja kuitazama tambarare yenyewe. Shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilifanya uchunguzi wa bonde zima la Rufiji katika miaka ya 1950, na ripoti yake ya mwaka 1961, vitabu saba, ina udongo, mtiririko wa maji, na mengi ambayo karatasi za 1:50,000 hazina. Hawa waliuliza maji. Waliyauliza, hata hivyo, kwa nia ya kuyazuia na kuyaongoza, na miongoni mwa mapendekezo ya zama zile lilikuwamo bwawa kwenye korongo la Stiegler. Bwawa hilo sasa lipo, la Julius Nyerere, la megawati 2,115. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na Aprili 2024, hata likiwapo, wilaya za Rufiji na Kibiti zilifurika na watu wakapoteza nyumba na mpunga.

Vijana wa siku hizi wanakuja na data za satelaiti na wanadhani tatizo limekwisha. Data ya urefu wa nchi inayotumika sana ilikusanywa na chombo cha anga Endeavour kwa siku 11, Februari 2000. Ni hazina, na ni bure, lakini makosa yake ya urefu ni mita kadhaa, na mara nyingi inapima kichwa cha mwembe au cha matete badala ya udongo. Kwenye ile tambarare ya mita moja na nusu ina maana gani? Nimewahi kuonyeshwa ramani ya rangi nzuri kabisa ya hatari ya mafuriko, ambamo ukingo wa miembe ulikuwa umepanda kuwa kilima.

Kitu ninachokipigania sasa, kila ninapopata nafasi ya kusema kwenye vikao, ni hiki. Maji ya mafuriko yakitulia, ukingo wake kwenye ardhi ni kontua. Yamejichora yenyewe, kwa usahihi ambao leveli yangu ingehitaji mwezi kuufikia, mradi ukumbuke kwamba uso wa maji nao huinama kidogo kuelekea baharini. Yakishuka nusu mita yanachora nyingine. Zamani hatukuweza kuyapiga picha kwa sababu ya mawingu. Tangu 2014 kuna satelaiti za rada za Ulaya, Sentinel-1, ambazo mawingu hayazizuii. Zinapita juu ya Rufiji masika na kiangazi, na picha zake mtu yeyote anaweza kuzichukua bila malipo. Ukizipanga za kuanzia Aprili hadi Juni, unaona maji yakirudi nyuma hatua kwa hatua, na mahali mlau ulipoanzia mwaka huo. Hilo lina haraka sasa kuliko zamani, kwa sababu bwawa limeanza kuyabadilisha maji, na alama za wazee kwenye miembe ni za mto wa kabla yake. Picha zipo. Ofisi za kata na vijiji nilizopita bado zina ile fotokopi.